Aliyepona Kupita Kiasi

Kituo kizima cha afya kilimwita Daktari Nusu. Aliyembandika jina hilo ni Sista Mkuu, muuguzi aliyekula chumvi nyingi kiasi cha kutotishwa na cheo cha mtu. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: daktari husoma miaka mingi, tabibu husoma nusu yake, basi, kazi kwisha. Tabibu mwenyewe, binti wa miaka ishirini na saba mwenye miwani mizito na daftari lisilotoka kwapani, alilivaa jina kama koti la kuazima: halikumkaa, lakini halikumchoma. Kilichomchoma ni kabati.

Kabati lilikuwa la bati, la kijivu, limepigiliwa ukutani kwenye chumba cha chanjo. Ndani yake zilikaa dawa za magonjwa ya akili, na ufunguo wake alikuwa nao Mkufunzi, daktari wa akili kutoka hospitali kubwa, aliyefika kila Alhamisi kuwafundisha matabibu wanne wa vituo vya jirani. Mafunzo yalikuwa ya miezi mitatu. Muda wote huo mwanafunzi aliruhusiwa kutoa dawa moja tu, vidonge vya sonona, vilivyoachwa nje ya kabati, tena kwa kumpigia simu kwanza. Alhamisi ya mwisho kila mmoja angemleta mgonjwa aliyemtibu mwenyewe, Mkufunzi angemwuliza, angemtazama, angeandika "amefaulu" au "bado." Aliyefaulu angekabidhiwa ufunguo wa kabati la kituo chake, atibu. Aliyekwama angeendelea kuandika barua za kupeleka watu hospitali kubwa, safari ya siku nzima kwenda na siku nzima kurudi.

Tabibu alizijua barua hizo. Mwaka uliopita aliandika kumi na moja. Waliofika huko ni watatu. Wanane waliobaki aliendelea kupishana nao njiani, wengine barua ikiwa bado mfukoni, imekunjwa vizuri kama cheti cha ndoa. Kwa hiyo aliutaka ule ufunguo. Aliutaka kuliko alivyowahi kutaka mume, na mama yake alikuwa shahidi.

Sasa, ugonjwa wa kwanza unaompata anayesomea magonjwa ya akili ni kuwaona wagonjwa kila kona. Wiki ya pili tu Tabibu alishamwona mlinzi anayekagua kufuli la geti mara tatu na kumwandikia wasiwasi. Mtunza dawa aliyenuna tangu Jumatatu akamwandikia sonona, kumbe jino.

"Na mimi je?" Sista Mkuu aliuliza, mikono kiunoni.

"Wewe Sista bado nakuchunguza."

"Chunguza, mwanangu. Ila ukinipa kidonge, nakichimbia kwenye chungu cha maua tuone kama kitaota."

Mkufunzi, mtu mnene mwenye sauti ndogo, hakucheka wala hakukemea. Alikuwa na msemo mmoja alioukariri kila Alhamisi kabla ya kuvua koti: "Akili haipigwi eksirei. Kipimo chenu ni mdomo wa kuuliza na sikio la kusubiri." Kisha aligawa kijitabu. Ukurasa wa sonona ulikuwa na maswali tisa, kila moja na alama kuanzia sifuri hadi tatu, na chini kabisa kulikuwa na swali la kumi ndani ya kisanduku cheusi. Juu ya kisanduku paliandikwa: usitoe dawa kabla hujauliza hili.

Fundi Milimita aliletwa na mkewe Jumanne moja, saa nne asubuhi, foleni ikiwa imefika getini. Alikuwa mshona suti, umri wa miaka hamsini na mitano, na jina alilipata kwa sababu hakujua kukadiria. Alipima mara tatu, akaandika, akapima tena, ndipo akashika mkasi. Majirani walisema ukimwomba maji ya kunywa atakuuliza unataka ya upana gani. Siku hiyo alikuwa amevaa shati lililofungwa vifungo visivyolingana, na kwa mtu wa aina yake hilo lilikuwa kama kutembea uchi.

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa mwanamke mfupi asiyemwaga maneno. Alitaka kuingia naye. Tabibu, ambaye kijitabu kilimfundisha mgonjwa apewe faragha, alimwambia kwa upole, "Mama, tupishe kidogo. Kaa pale kwenye benchi." Mama Pacha akaenda kukaa kwenye benchi.

"Mzee, kazi bado unaipenda kama zamani?"

"Binti yangu," Fundi alisema, akitazama sakafu, "siku tatu nimekaa natazama sindano. Kutia uzi tu naona ni safari ya kuaga ndugu."

"Usingizi?"

"Naamka saa tisa. Nasubiri kuche. Kukicha nasubiri kuchwe."

"Kuna wakati unaona bora usingekuwepo?"

Hapo Fundi alilia. Alilia kikubwa, bila sauti, akijifuta kwa ncha ya futi iliyoning'inia shingoni. Tabibu alimpa karatasi laini, akasubiri kama alivyofundishwa, akamwuliza kama alishapanga kujidhuru. Hapana, hakupanga, wazo lilipita tu, kama mtu anayechungulia dukani bila kununua. Tabibu aliandika. Jumla ya alama: ishirini na mbili kati ya ishirini na saba.

Likabaki swali la kisanduku. *Je, kuna kipindi maishani ulichangamka kupita kawaida yako, hukuhitaji usingizi, ukaona hakuna linalokushinda?*

Tabibu alilisoma kimoyomoyo, akamtazama mzee. Umwulize mtu wa umri wa baba yako, machozi yanamtiririka hadi kwenye kola, lini alifurahi mpaka ikazidi? Angedhani anamkejeli. Ni sawa na kumwuliza aliyetumbukia kisimani kama aliwahi kupaa. Na nje foleni ilikuwa inakohoa. Adabu ilimshika mkono, ikaipeleka kalamu: akamjibia mwenyewe. Akaweka alama kwenye "hapana," alama ndogo, haikutoa hata mlio.

Kisha akampigia simu Mkufunzi.

"Na kisanduku?" Mkufunzi aliuliza baada ya kusikia yote.

"Yamejibiwa yote, mwalimu."

Hakudanganya, mnaona. Wala hakusema kweli. Fundi akaondoka na vidonge vya mwezi mzima, kimoja kila asubuhi, na Mama Pacha akanyanyuka benchini kumfuata.

Wiki ya kwanza hakuna lililobadilika. Wiki ya pili Fundi alianza kula, akarudi kwenye cherehani. Wiki ya tatu alifika kituoni kabla ya mlinzi kumaliza kukagua kufuli lake mara ya pili, akamkumbatia mlinzi, akaingia na furushi begani. Ndani ya furushi kulikuwa na mapazia kumi na mawili ya kijani, yameshonwa kwa siku mbili, hakuna aliyeyaagiza, na kila pazia lina mfuko wa kifuani.

"Fundi, pazia na mfuko wapi na wapi?" Sista Mkuu aliuliza.

"Wa kalamu, dada! Kila mtu hapa anatafuta kalamu. Sasa unanyoosha mkono dirishani, unachukua, unaandika. Nani aliwahi kulifikiria hilo? Hakuna! Na wewe hilo gauni lako jeupe linakubana kwapani, nimeliona tangu mlangoni, nitakushonea matatu kabla ya Ijumaa."

Wodi nzima iliangua kicheko, hata mgonjwa wa ngiri aliyekatazwa kucheka. Tabibu alimwingiza chumbani, akamwuliza maswali tisa upya. Kazi? Anaipenda. Usingizi? Safi, hata hauhitaji mwingi. Kujilaumu? Kwa lipi? Alama zikatoka sifuri. Sifuri kamili kati ya ishirini na saba. Tabibu mwenyewe, angeyajibu maswali yale asubuhi ile, asingepata sifuri. Alikuwa na deni la usingizi, chunusi na mama anayeulizia mkwe. Lakini nani huichunguza zawadi aliyopewa?

Habari zikasambaa. Sista Mkuu alimpandisha cheo mbele ya foleni: "Mpisheni Daktari Mzima apite!" Mlinzi alimpigia saluti. Watu wawili walileta ndugu zao waliofichwa ndani kwa muda mrefu, wakisema wanataka dawa aliyopewa Fundi. Methali ya mgema mnaijua, sina haja ya kumaliza pumzi zangu. Tabibu aliandika kwa Mkufunzi kwamba Alhamisi ya mwisho mgonjwa wake atakuwa mshona suti, na akapiga mstari chini ya neno "sifuri" mara mbili.

Jumatano, siku moja kabla, Mama Pacha alikuja peke yake. Hakupanga foleni. Alisimama mlangoni mpaka Tabibu akainua macho.

"Shikamoo, mama. Karibu. Mzee hajambo?"

"Marahaba. Mume wangu anakata bila futi."

Tabibu alitabasamu. "Si ndiyo amerudiwa na ujasiri, mama?"

"Ujasiri wa nini? Miaka thelathini sijamwona akikata hata leso bila futi. Sasa anafumba jicho moja, anatia mkasi. Tangu Jumatatu amekata suti ya bwana harusi, amekata vitambaa vya kwaya nzima, na jana amekata shuka tunalolalia. Nilikuwa juu yake."

Tabasamu likakosa pa kukaa. "Analala saa ngapi?"

"Halali. Anasema usingizi ni wa mafundi wenye vitambaa vichache."

Tabibu aliweka kalamu chini. Kuna namna mtu anavyouliza swali huku anaomba asijibiwe, na ndivyo alivyouliza. "Mama, hali hii imewahi kumtokea?"

"Mwaka ambao mapacha walianza shule. Aling'oa mlango wa mbele akaufanya meza ya kukatia. Tukakaa wiki tano bila mlango, mbuzi wa watu wakiingia na kutoka kama wapangaji. Halafu akaporomoka. Miezi minne kitandani, uso ukutani."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza." Mama Pacha alisema bila ukali, kama anayetaja saa. "Uliniambia nikupishe. Nikakupisha."

Tabibu alilitoa jalada la Fundi, akalifungua ukurasa wa kisanduku. Alama ya "hapana" ilikuwa pale, wino wake, mkono wake. Ugonjwa wa kupanda na kushuka alikuwa ameusoma, ameufanyia mtihani wa maandishi na kupata nane kwa kumi. Mtu wa ugonjwa huo akija akiwa chini, anafanana na wa sonona kama shilingi kwa ya pili. Ukimpa dawa ya sonona peke yake, unaweza kumtoa shimoni na kumrusha moja kwa moja juu ya paa. Kisanduku cheusi kiliwekwa kwa ajili hiyo tu. Na sifuri ile, aliyoipigia mistari miwili, ilikuwa ni kelele za mtu aliye juu ya paa.

Alimweleza Sista Mkuu, kwa sababu siri kubwa ikikaa tumboni peke yake inavimba.

Sista Mkuu alifikiri, akitafuna kifuniko cha kalamu. "Kesho ndiyo siku yako?"

"Ndiyo."

"Na mzee akiulizwa maswali tisa, atajibu vipi?"

"Sifuri."

"Basi acha kesho ipite, mwanangu. Ufaulu, uchukue ufunguo, Ijumaa asubuhi ufungue kabati umrekebishe kimya kimya. Siku moja haijaua mtu. Ukisema kesho, utakosa ufunguo, na atakayeumia si yeye peke yake. Wale wawili walioletwa juzi utawaandikia barua?"

Ubaya wa ushauri ule ni kwamba haukuwa wa kijinga.

Mchana Tabibu alikwenda dukani kwa Fundi. Hakukuwa na pa kukanyaga. Mikono ya makoti, migongo, miguu ya suruali, vimetapakaa sakafuni kama watu waliokimbia wakaacha viungo. Fundi alikuwa amesimama juu ya meza, shati limelowa, anazungumza na wateja watatu kwa mpigo.

"Huyu hapa mwokozi wangu!" alipaza sauti. "Binti yangu, tazama mabega ya hili koti. Sikupima! Macho haya sasa yana futi ndani."

Koti lilikuwa na bega moja la mtu mzima na moja la mtoto wa shule.

"Fundi, naomba zile dawa. Tuzisimamishe kidogo."

"Kusimamisha? Nimeongeza! Asubuhi kimoja, jioni kimoja. Kwa nini mtu aponee polepole?" Akaigonga pakiti kwenye mfuko wa shati.

"Nipe, Fundi. Tafadhali."

Uso ukageuka ghafla, kama taa iliyopulizwa. "Umeniponya, sasa unaona wivu? Mnataka nirudi kule kutazama sindano? Toka dukani kwangu!" Na kabla Tabibu hajafika mlangoni, akacheka tena, akamwita arudi achague kitambaa cha gauni.

Nje, Mama Pacha alikuwa anasubiri. "Ficha mkasi, mama," Tabibu alimnong'oneza.

"Mkasi upi? Anayo saba. Nimeshaficha mitano."

Tabibu alitoa simu, akatafuta namba ya Mkufunzi, akapiga. Iliita mara moja. Akakata. Akajiambia mtandao ni mbaya, na simu ikiwa mkononi mwake na mistari yote minne imejaa, haikubisha.

Alhamisi chumba cha chanjo kilijaa. Tabibu wa kwanza alileta mama mwenye wasiwasi aliyejibu "ndiyo" kwa kila kitu, hata alipoulizwa kama hana tatizo lolote. Wa pili alileta kijana aliyepona vizuri lakini akasinzia kwenye kiti. Mkufunzi aliwapitisha wote wawili kwa shida, akiguna. Mgonjwa wa tabibu wa tatu hakutokea kabisa. Ndipo akaingia Fundi Milimita, suti ya bluu, kitambaa mfukoni, viatu vinang'aa, amejitengeneza, amejizuia. Maana mtu wa namna ile anaweza kujishika dakika kumi akitaka, kama anayebana chafya mbele ya wageni.

"Usingizi, mzee?"

"Nalala, daktari. Namshukuru Mungu na huyu binti."

"Kazi?"

"Naifanya kwa moyo."

Mkufunzi aliuliza yote tisa, akajumlisha, akainua nyusi. Wanafunzi wenzake walimtazama Tabibu kwa jicho ambalo kwa kawaida hutazamiwa nyumba ya jirani yenye ghorofa. Mkufunzi alivuta fomu, akafungua kalamu.

Tabibu alikuwa amepanga kusema sentensi tatu zilizonyooka. Zilitoka mbili, zote zimepinda.

"Mwalimu, usiandike. Huyu hajapona, nimempandisha mimi."

Mkufunzi aliweka kalamu juu ya fomu, taratibu. "Endelea."

"Lile swali la kisanduku sikumwuliza. Alikuwa analia, nikaona ni utovu wa adabu. Nikamjibia. Mkewe yuko nje, muulizeni mwaka ambao mapacha walianza shule."

"Binti yangu!" Fundi alinyanyuka. Kile alichokuwa anakibana kikaachia. "Unanivua nguo mbele za watu? Mimi? Nimewashonea mapazia! Daktari, usimsikilize, amechoka, wewe kifua chako ni inchi hamsini na moja, tumbo sitalitaja, nakushonea suti kabla ya saa sita, simama, simama wima—" na tayari alikuwa amemshika Mkufunzi mabega, akimgeuza kama mwanasesere wa dirishani.

Mkufunzi aligeuzwa bila kupinga. Akiwa ameupa mgongo umma wake, alisema kwa sauti yake ndogo, "Mwiteni mama."

Mama Pacha aliingia, akaulizwa, akajibu: mlango, mbuzi, miezi minne, shuka. Haikuchukua dakika mbili. Mkufunzi alijitoa mikononi mwa Fundi kwa upole, akachomoa ufunguo, akafungua kabati. Vidonge vya kumtuliza vikawekwa mezani pamoja na bilauri ya maji. Na dawa ya sonona, akasema, iachwe leo hii.

"Sinywi," Fundi alisema. Alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani, mkono umefunika mfuko wa shati. "Alinipa hizi akasema ni dawa. Leo anasema ni sumu. Kesho atasema nini?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote tisa. Mlinzi alishachungulia mlangoni, mikono tayari, na Tabibu akamwashiria asiingie.

"Fundi," alisema. "Siku ile nilikata kabla ya kupima."

Mkufunzi alimtazama bila kuelewa. Fundi alielewa. Alisimama palepale, midomo inacheza, akilipima hilo neno.

"Kitambaa cha mtu?" akauliza.

"Cha mtu."

"Na ukajua lini?"

"Jana. Nikanyamaza mpaka leo."

"Siku nzima!" Fundi alitikisa kichwa kwa hasira ya ufundi, si ya ugonjwa. "Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningemfukuza." Akaenda mezani, akavigeuza vidonge kwa kidole. "Utaunywa na mimi huu uchafu, mke wangu?"

"Mimi sijakata shuka la mtu," Mama Pacha alisema. "Kunywa twende nyumbani."

Akanywa. Pakiti aliitoa mfukoni mwenyewe, akaitupa juu ya fomu.

Mkufunzi aliandika "bado." Hakuandika kwa ukali, lakini wino ni wino. Baadaye, wengine walipokwisha kutoka, alimwambia Tabibu kwamba atarudia miezi mitatu, kwamba mgonjwa wake wa mfano atakuwa yuleyule Fundi, na kwamba kuanzia sasa hamtoi nje ndugu wa mgonjwa kabla hajamsikiliza.

"Kuna swali moja umeniachia," aliongeza, akivaa koti. "Nilimwuliza maswali tisa nikapata sifuri, na nilikuwa nimeshashika kalamu. Miaka ishirini na miwili nafanya kazi hii." Hakusema alitaka kujibiwa nini. Akaondoka na ufunguo wake.

Sista Mkuu alimrudishia jina lake la zamani jioni ileile. Kwa siku mbili hakulisema kwa mzaha. Wale wagonjwa wawili walioletwa na ndugu zao Tabibu aliwaandikia barua, akawapigia simu kila baada ya siku tatu kuuliza kama wamekwenda. Mmoja alikwenda. Mwingine ndugu zake waliacha kupokea.

Kushuka kwa Fundi kulichukua wiki nne. Bwana harusi alioa kwa suti ya kuazima. Kwaya iliimba ikiwa imevaa rangi tatu tofauti, na watu wakadhani ni mtindo. Wiki ya sita Fundi alifika kituoni, mkewe ubavuni, na safari hii viti vilikuwa vitatu. Vifungo vyake vililingana. Alikaa kama mtu anayesubiri basi asilotaka kulipanda.

"Usingizi, Fundi?"

"Saa saba."

"Kazi?"

"Nashona. Polepole." Akatazama mikono yake. "Inatetemeka kidogo, hiyo sipendi."

"Tutapunguza kipimo. Nitamwambia Mkufunzi leo hii."

"Niulize na lile swali lako la kisanduku."

Tabibu alimwuliza, neno kwa neno. Fundi alisikiliza mpaka mwisho.

"Ndiyo," akajibu. "Na nataka nikwambie kitu, usiandike. Zile wiki mbili nilikuwa mzuri. Watu walinisalimia kwa kuvuka barabara. Leo wananisalimia kwa huruma. Yule hakuwa mimi?"

Tabibu alitaka kusema jambo la kijitabu, akaliacha. "Alikuwa wewe, aliyezidishwa."

"Basi nilipendeza nilipozidishwa."

"Ulinichosha," Mama Pacha alisema.

"Na wewe sikukuuliza."

"Ndiyo maana nasema mwenyewe."

Fundi alikaribia kucheka. Nje mtoto alikuwa analilia sindano ambayo hajachomwa. "Nikiacha hizi dawa," aliuliza, "itakuwaje?"

"Huenda usipate kitu kwa miezi. Halafu utapanda tena. Ukishapanda, utashuka."

"Mpaka pale pa kutazama sindano?"

"Pale. Au chini ya pale. Siwezi kukuahidi kinyume."

Fundi alimtazama mkewe, kisha Tabibu. Mama Pacha hakumsaidia, Tabibu hakumsaidia. Mwishowe akanyoosha kiganja mezani, amekikunjua.

"Lete," akasema. "Lakini usingoje nikushukuru."